Mwalimu wetu wa michezo anastaafu. Kwenye ngao tumwandike kocha wa mchezo gani?

#1 Winga wa Mabibo (Jumatatu, saa 2:40 usiku)

Wakuu, habari za jioni.

Naomba mawazo yenu, muda ni mfupi. Mwalimu aliyetufundisha michezo chuoni hapa Dar anatimiza miaka 60, na Jumamosi hii tunamuaga. Wachezaji wa zamani tumechanga, tumepata ngao ya mbao yenye bati la shaba. Nikapewa kazi ya kuipeleka Kariakoo ikachongwe maandishi. Fundi akaniuliza swali dogo tu: "Kocha wa nini?" Nikakosa jibu.

Mimi alinifundisha soka. Mke wangu, tuliyekutana chuoni hapohapo, anamjua kama kocha wa pete. Kaka yangu alipita pale miaka sita kabla yangu, yeye anaapa kwamba yule ni mtu wa kikapu na soka alikuwa anasaidia tu. Wapo waliomjua kwenye wavu, wapo wakimbiaji, na kuna miaka miwili alianzisha mpira wa mikono mpaka magoli yalipoibiwa. Miaka 29, michezo sita, mtu mmoja.

Swali langu lina vichwa viwili. Tuandike nini? Na pili, mtu kuwa kocha wa chuo kwenye michezo yote hiyo ni kipaji, au ni chuo kutoajiri wengine? Tangu fundi aniulize sijatulia. Naogopa tunakwenda kumpongeza kwa jambo lililomtafuna.

#2 Mhasibu wa Ilala

Pole kwa jukumu, mkuu. Jibu langu ni fupi: ikama, yaani idadi ya nafasi za kazi.

Nimewahi kukaa kwenye kamati ya bajeti ya chuo kimoja, sikitaji. Nafasi ya michezo ilikuwa moja. Fungu lenyewe lilikuwa mstari mmoja chini ya ustawi wa wanafunzi, na humo zitoke jezi, mipira, nauli ya mashindano na maji ya kunywa. Ukiomba kocha wa pili unaulizwa huyo wa kwanza kashindwa nini. Na kwa kuwa wa kwanza hajashindwa, maana anajua kujibana, basi hupati. Uhodari wake ndio unaomnyima msaidizi. Mwalimu wenu mpeni ngao, lakini msiupambe uhaba ukaitwa kipaji.

#3 Beki wa Pete

Mhasibu, hesabu zako sina ugomvi nazo. Ila hukumwona uwanjani. Mimi nimepita mikononi mwake (mleta uzi, mke wako namjua, msalimie sana).

Nilikuwa GD, beki wa goli. Kuruka nilikuwa naruka, ila kushuka nilikuwa nashuka kama gunia, mguu mmoja mbele, mwili umepinda. Akanitoa kwenye pete wiki mbili akanipeleka mazoezi ya wavu. Sikucheza hata seti moja. Kazi yangu ilikuwa kurukia pale wavuni na kushuka kwa miguu miwili, magoti yamelegea, mara 40, mapumziko, mara 40 tena. Nililia, nikaona ananiadhibu. Niliporudi kwenye pete nikawa nakatiza mipira ambayo zamani ilikuwa inanipita juu ya vidole. Kocha anayejua pete peke yake angeniambia "ruka zaidi" akaishia hapo.

#4 Kijana wa Temeke

Andikeni MWALIMU, basi. Hapa kwetu kocha ndiye huyohuyo mwalimu, hata redioni wanasema "mwalimu kafanya mabadiliko". Uzi ufungwe.

#5 Mama wa Kikapu

Mdogo wangu wa Temeke, usiufunge haraka hivyo.

Neno hilo ni zuri, lakini mle ndani ya vyuo limewahi kumnyima mtu haki yake. Ninamfahamu mmoja, si huyu wa mleta uzi, aliyepeleka timu tatu kwenye mashindano, na posho ya makocha ilipotoka akaambiwa yeye ni mwalimu, yuko kazini, posho ni ya makocha waliokodiwa kutoka nje. Watu wa nje walikuwa wawili na walikuja siku nne. Yeye alikuwa na timu hizo mwaka mzima. Ndiyo maana nasema neno KOCHA lionekane kwenye ile shaba, hata kama mchezo hautatajwa.

#6 Winga wa Mabibo

Dada Beki, salamu zimefika, anacheka hapa. Anasema ulikuwa unamkanyaga vidole.

Mama, hilo la posho sikulijua. Asante.

#7 Mzee wa Upanga

Vijana, hamjambo. Mhasibu anaongea kana kwamba jambo hili ni la umaskini wetu. Si kweli.

Someni habari za Amos Alonzo Stagg wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1862, akasoma Chuo Kikuu cha Yale akiwa na nia ya kuwa mchungaji. Hapohapo Yale alikuwa mrushaji hodari wa besiboli na mchezaji wa ile futiboli yao ya kuangushana. Mimbari haikumkubali, akaamua kwamba mahubiri yake atayafanyia uwanjani. Chuo Kikuu cha Chicago kilipofungua milango mwaka 1892 kilimchukua kuongoza michezo, kikampa cheo cha kitaaluma na ajira ya kudumu kama wahadhiri wengine. Siyo kibarua wa msimu. Akakaa pale hadi 1932, akifundisha futiboli, besiboli, riadha na kikapu kwa miaka yote hiyo. Chuo kile kilikuwa na fedha za Rockefeller, yule tajiri wa mafuta, hakikuwa maskini.

Alipofika miaka 70 wakamwambia apumzike. Akahamia College of the Pacific kule California, akafundisha kuanzia 1933 hadi 1946, na mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake wakamchagua kuwa kocha bora wa mwaka. Alifariki mwaka 1965 ana miaka 102. Kwa hiyo huyo mwalimu wenu wa miaka 60 bado kijana.

#8 Kipenga

Shikamoo mzee. Naomba kurekebisha kidogo, kwa heshima.

Kikapu hakukifundisha miaka yote hiyo. Kama kocha wa timu ya chuo alikishika msimu mmoja, wa 1920–21. Futiboli ndiyo aliyoishi nayo, halafu besiboli na riadha kwa miaka mingi.

Ila kikapu kilimjua mapema kuliko watu wengi. Kabla ya Chicago alikuwa Springfield, Massachusetts, kwenye chuo cha YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, ambako James Naismith alibuni mchezo huo Desemba 1891. Mechi ya kwanza mbele ya watazamaji ilichezwa tarehe 11 Machi 1892, walimu dhidi ya wanafunzi. Wanafunzi wakashinda 5–1. Ile moja ya walimu aliifunga Stagg. Ndiyo maana jina lake liko kwenye ukumbi wa heshima wa futiboli ya vyuo, tangu 1951, na wa kikapu pia, tangu 1959.

#9 Mzee wa Upanga

Marahaba. Msimu mmoja, nimepokea. Umri nao unachanganya madaftari.

#10 Kijana wa Temeke

Kipenga, na huyo Naismith aliyebuni mchezo, yeye alikuwa kocha mzuri?

#11 Kipenga

Alifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Kansas, akashinda mechi 55 akapoteza 60. Mwanafunzi wake, Phog Allen, ndiye aliyekuja kuwa kocha mkubwa pale Kansas. Naismith alikuwa daktari na mwalimu wa viungo. Kushinda hakukuwa ndiyo haja yake.

#12 Binti Kigamboni

Habari zenu wakubwa. Mimi bado niko chuo, mwaka wa pili, na naona wengi mnaongea kwa mapenzi. Niseme upande mwingine.

Mwalimu wetu naye anafundisha michezo yote. Lakini anajua soka tu. Sisi wa pete anatupa mazoezi ya soka: kuzunguka uwanja, mbio fupi, tumbo. Kushuka baada ya kudaka hajawahi kutufundisha. Pete inakutaka ukidaka usimame papo hapo, huna nafasi ya kukimbia ukapunguza mwendo kama kwenye soka. Mwaka jana nilidaka mpira wa juu, nikashuka kwa mguu wa kushoto, nikageuka, na goti likabaki linatazama nilikotoka. Nilisikia sauti yake. Miezi saba nimetembea na bandeji, ngazi za hosteli nazijua moja moja.

Dada Beki alipata mtu aliyejua wavu na pete. Mimi nilipata mtu anayejua mchezo mmoja, akaandikiwa mitano. Wote wawili chuo kinawaita kwa cheo kimoja. Ndiyo hofu yangu na hizi sifa: wakubwa wa vyuo wakisoma watasema "mnaona, mtu mmoja anatosha".

#13 Beki wa Pete

Pole sana mdogo wangu. Goti hilo lifanyie mazoezi ya paja kila siku hata likipona. Na umesema kweli, sina la kupinga.

#14 Mhasibu wa Ilala

Binti kanimalizia kazi.

Na mzee, kwa kuwa tumekwenda Marekani, nami niweke wangu. John Wooden. Alianza kama mwalimu wa Kiingereza wa sekondari huku akifundisha michezo kadhaa. Baadaye, chuoni Indiana State, alikuwa na kikapu na besiboli pamoja. Kisha akaenda UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, akabaki na kikapu peke yake, akachukua ubingwa wa vyuo mara 10 kati ya 1964 na 1975. Mtu yuleyule. Alipopunguziwa mizigo ndipo makombe yakaja.

#15 Mama wa Kikapu

Alikwenda UCLA mwaka 1948, mkuu. Kombe la kwanza 1964. Miaka 16 ya kikapu peke yake bila ubingwa huo. Hapo hoja yako inakuwaje?

Na kitu kinachokumbukwa sana na wachezaji wake ni somo la siku ya kwanza: namna ya kuvaa soksi zisikunje, usipate malengelenge. Hilo ni somo la mtu aliyezoea kufundisha darasani, aliyekaa na watoto wa kila aina. Mimi naona alibeba ya nyuma akaja nayo.

#16 Mhasibu wa Ilala

Miaka 16 nilikuwa sijaihesabu. Bado nasimama kwenye ikama.

#17 Mchaka Mchaka

Nimewakuta mbali. Mimi mtu wa riadha, kwetu Singida, kazi Ubungo.

Jambo moja mmelipita. Mwaka wa michezo wa vyuo vya Marekani umekatwa kwa majira. Futiboli wakati majani yanapukutika, kikapu wakati wa baridi ndani ya ukumbi, besiboli na riadha baridi ikiisha. Kocha wa enzi hizo alikuwa anahama na mwaka: anafunga mlango mmoja, anafungua mwingine. Wachezaji nao walikuwa walewale, wanabadilisha viatu tu. Mtu mmoja alitosha kwa sababu michezo haikugongana.

Hata leo makocha wengi wa mbio kule wanabeba vitatu: mbio za nyika, riadha ya ndani na riadha ya nje. Ndivyo Filbert Bayi alivyofunzwa alipokuwa El Paso.

#18 Kipenga

Siyo Bayi, ni Suleiman Nyambui. Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974, 3:32.16, bila kupitia El Paso. Nyambui ndiye aliyekwenda Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, kwa kocha Ted Banks, akashinda mita 10,000 za vyuo miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Katikati hapo, mwaka 1980, akachukua fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow. Bayi naye alichukua fedha Moscow hiyohiyo, ya kuruka viunzi na maji. Labda ndipo ulipochanganya.

#19 Mchaka Mchaka

Kweli kabisa, Nyambui. Gidamis Shahanga naye alipita El Paso. Asante, na mtu wa riadha nimeaibika kidogo hapo.

Nimalizie. Kwetu Dar hakuna majira hayo. Mashindano ya vyuo yanakusanya michezo yote wiki moja, mji mmoja. Soka saa 2, pete saa 2, wavu saa 4, mbio zinaanza jua likiwa kichwani. Kwa hiyo mwalimu wetu wa michezo sita hafanyi kazi ya Stagg. Anafanya ngumu zaidi. Stagg alikuwa na futiboli Oktoba na besiboli Aprili. Huyu anazo zote Jumanne asubuhi.

#20 Kapteni wa Zamani

Mchaka Mchaka, umenigusa mahali. Nilikuwa nasoma kimya tu, ila hii nitaiandika, na mleta uzi, nadhani tunamzungumza mtu mmoja.

Jumanne hiyo ninayo. Mashindano ya vyuo, mikoani. Kikapu wanaume tulikuwa na nusu fainali saa 4 asubuhi. Pete walikuwa na fainali saa hiyohiyo, kiwanja kiko mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Waandaaji wakakataa kusogeza. Mwalimu akaniita pembeni mwa basi, akanipa daftari lake. Lile lenye jalada gumu, amelifunga mpira wa baiskeli lisifunguke.

Sikuwahi kuliona ndani. Kila mchezo ulikuwa na sehemu yake, lakini kurasa zilikuwa zinaitana. Kwenye kikapu ameandika "tazama pete uk. 41". Ukienda 41 ni mchoro wa namna pete wanavyopata nafasi bila kudunda mpira, kwa kukatiza na kubadilishana tu. Alitaka tuucheze huo tukibanwa. Kwenye soka kaandika jina la kipa wetu na pembeni: "wavu, siku mbili, mikono". Kwenye ukurasa wa wapinzani wetu wa siku ile alikuwa ameandika mistari mitatu. Namba 7 anapenda kulia. Mwacheni aende kushoto. Msiwakimbize wakati wa jua, badilisheni.

Akasema, "Leo wewe ndiye kocha. Mimi nakwenda kwa dada zako, hawana mtu." Akaondoka na kiroba cha mipira begani.

Tulifungwa kwa pointi tatu. Nilitumia mapumziko yote mapema, dakika mbili za mwisho sikuwa na la kufanya. Pete wakachukua kombe. Jioni alinikuta nimekaa nyuma ya bweni tulikofikia. Hakuniuliza tumefungwaje. Aliniuliza mapumziko ya pili niliita kwa sababu gani, nikamweleza, akalichukua daftari akaliandika lile jibu langu. Jina langu na jibu langu, kwenye sehemu ya kikapu.

Sasa hivi nafundisha vijana kikapu jioni, bure, baada ya kazi. Nina daftari langu. Sikuwahi kumwambia. Kwa hiyo kwa swali la kipaji au uhaba, mimi najua tu kwamba kama angekuwa na msaidizi siku ile, daftari nisingelishika.

#21 Winga wa Mabibo

Ni yeye. Mpira wa baiskeli ndio umenithibitishia.

Kapteni, njoo Jumamosi tafadhali.

#22 Mhasibu wa Ilala

Nimeisoma mara mbili. Inagusa, lakini naomba mtazame pia upande wa pili wa hadithi hiyo: timu ya kikapu ilicheza nusu fainali bila kocha. Wale vijana wengine tisa walikuwa na haki ya kuwa naye. Wewe ulipata daftari, wao walipata nini?

#23 Kapteni wa Zamani

Hilo wamewahi kuniambia uso kwa uso, mkuu. Wawili hawajalisahau mpaka leo. Sikatai.

#24 Fundi wa Uwanja

Mimi nachora mistari ya viwanja, chokaa na rangi. Naona wasomi mmelikwepa jambo la chini kabisa: sakafu.

Vyuo vingi vina bamba moja la saruji. Juu yake unapiga kikapu mita 28 kwa 15, rangi nyeupe. Pete inataka 30.5 kwa 15.25, njano. Wavu 18 kwa 9 unakaa katikati, bluu. Pete na kikapu ringi zao zina kimo kimoja, mita 3.05, tofauti ni ule ubao nyuma. Mtu anayeshika ufunguo wa stoo ya bamba hilo ndiye anayekuwa kocha wa vyote, atake asitake, maana akiwaachia kikapu jioni nzima, pete hawachezi. Anapanga zamu, akipanga zamu anakaa aangalie, akikaa ataanza kusema "sogea kushoto". Nimeona wengi wameanza hivyo. Viwanja vikiwa vingi, makocha wanakuwa wengi.

#25 Mama wa Kikapu

Hii ya ufunguo wa stoo nimeipenda. Na ni kweli mistari mitatu ya rangi inawachanganya wachezaji wapya mpaka waizoee.

#26 Kipenga

Kuchanganya siyo mistari tu. Nimechezesha kikapu na pete, nawaonea huruma wanaofundishwa na mtu mmoja asiye mwangalifu. Binti wa kikapu akija pete anamkaba mwenye mpira kifua kwa kifua, filimbi inalia, maana pete inataka nafasi ya mita 0.9. Wa pete akienda kikapu anakaa na mpira anasubiri mwenzake akatize, hadundi, anaibiwa.

Na sheria hazikai. Mwaka 1992 soka ikamkataza kipa kudaka pasi ya mguu kutoka kwa mwenzake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wavu ukaacha mtindo wa kupata pointi kwa anayeanzisha peke yake, kila mpira ukawa na pointi. Mwaka 2000 kikapu cha kimataifa kikahama kutoka vipindi viwili vya dakika 20 kwenda robo nne za dakika 10, na muda wa kushambulia ukashuka kutoka sekunde 30 hadi 24. Mwalimu wa miaka 29 amezisoma upya nyingi ya hizo, tena kwa vitabu alivyotafuta mwenyewe. Hapo ndipo mimi namvulia kofia.

#27 Mkufunzi Mstaafu

Salaam. Mnashangaa jambo ambalo sisi tulifunzwa hivyo.

Aliyepita chuo cha ualimu Butimba, au Malya kwenye chuo cha michezo, hakufunzwa kuwa kocha wa mchezo mmoja. Alifunzwa elimu ya viungo: mwili unavyofanya kazi, kupima uwanja, kuendesha mashindano, huduma ya kwanza, na sheria za michezo mingi. Halmashauri mpaka leo zina Afisa Michezo, na hakuna anayemuuliza "wa mchezo gani". Shuleni, UMISSETA, yale mashindano ya sekondari, ikikaribia, mwalimu mmoja anaandaa soka, pete, wavu, kikapu, mikono na riadha.

Kilichobadilika ni leseni. Soka sasa ina madaraja ya CAF, shirikisho la soka Afrika, kuanzia D kwenda juu, na kila chama kina kozi zake. Ni jambo jema, linazuia yaliyompata Binti. Lakini anayelipa kozi ya soka hana fedha ya kulipa ya wavu, na vijana wanaotoka sasa wanachagua soka kwa kuwa ndiko kwenye ajira. Kizazi cha huyu mnayemuaga hakina wa kukirithi. Mimi ningeandika MKUFUNZI WA MICHEZO. Ndicho cheo chake halali.

#28 Kijana wa Temeke

Mzee, cheo hicho ni cha barua ya ofisini. Hata Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, alianza kikapu ana miaka 15 hivi, akaenda Connecticut kwa Jim Calhoun, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili Marekani nzima kuingia NBA. Angekutana na mtu wa soka peke yake, si angekuwa golikipa mpaka leo?

#29 Mama wa Kikapu

Kwa urefu ule, golini angegusa miamba yote miwili. Lakini huo ni uzi mwingine, usituhamishe.

#30 Fundi wa Shaba

Wakuu, mimi ndiye fundi mwenyewe, mleta uzi kanitumia huu uzi. Nimesoma wote.

Bati lile lina nafasi ya mistari mitatu, herufi 22 kwa mstari, zikizidi zinakuwa ndogo hazisomeki kwa mbali. Jina lake linakula mstari wa kwanza. Miaka ya kazi inakula wa tatu. Mmebaki na mstari mmoja. Michezo sita haiingii, nimejaribu kwenye karatasi. Nafunga Ijumaa saa 11 jioni.

#31 Beki wa Pete

KOCHA WA MICHEZO YOTE. Nimehesabu, inaingia.

#32 Binti Kigamboni

Naomba msiandike "yote", dada. Hiyo ndiyo watakayoitumia.

#33 Mkufunzi Mstaafu

Na gofu hakufundisha.

#34 Winga wa Mabibo (Jumatano, saa 3:05 usiku)

Wakuu, nimefika nyumbani kwake leo na mke wangu. Tulisema tunakwenda kumjulia hali, ngao hatukuitaja. Tukamwambia Jumamosi kutakuwa na chakula na hotuba fupi.

Akauliza, "Na mechi?"

Tukasema hatukupanga mechi. Akanyamaza, kisha akaingia ndani akatoka na daftari, akafungua ukurasa mpya. Akatuuliza waliothibitisha ni akina nani, tukataja, akawa anaandika. Kapteni, jina lako alilitaja yeye kabla yetu. Ratiba aliyotoa ni hii: pete saa 1:30 asubuhi kabla bamba halijapata moto, kikapu saa 3, wavu saa 4:30, kisha chakula. Soka saa 10 jioni, dakika 20 kila upande kwa sababu ya vitambi. Mbio ni za kupokezana vijiti, kila mwaka wa kuhitimu utoe wanne. Hakuna michezo miwili saa moja. Hilo alilisema mara mbili.

Mstari wa ngao bado sijaamua. Nina mpaka kesho kutwa.

#35 Kapteni wa Zamani

Nitakuwepo saa 1. Nakuja na vijana wangu sita, wasaidie kubeba.

#36 Fundi wa Uwanja

Mistari ya pete pale imefutika upande wa bahari. Nitapita Ijumaa asubuhi na rangi ya njano, inakauka kwa saa tatu. Sitaki malipo.

#37 Binti Kigamboni

Mimi sisomi chuo hicho, na goti haliniruhusu kucheza. Naweza kuja kuangalia? Ningependa kumuuliza lile zoezi la mara 40.

#38 Beki wa Pete

Njoo mdogo wangu, utakaa na mimi. Panda kivuko cha mapema, tutakupokea.

#39 Winga wa Mabibo

Mipira minne ipo, miwili ya kikapu imelegea. Nani ana pampu?

#40 Mhasibu wa Ilala

Pampu ninayo, sindano ndiyo iliyokatika. Nitapitia Kariakoo kesho ninunue tatu.